Taa Janja na Macho ya Mkazi

Nawashukuru mliokuja kwa daladala jioni hii mkijua kwamba kurudi kutakuwa usiku na kwa miguu kutoka kituoni. Ninyi mtanihukumu vizuri kuliko waliokuja na gari, kwa sababu mada ya leo ni ya mtu anayetembea.

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba namna wakazi wanavyoziona taa mpya za barabarani, hizi zinazobana matumizi ya umeme, ni kipimo cha kazi kama kilivyo kipimo cha mita, na kwamba mradi usiokichukua kipimo hicho haujakamilika hata kama kila nguzo inawaka. Katika ofisi zetu kuna mazoea ya kumwona mkazi anayelalamika kuwa ni mtu ambaye hajaelimishwa. Andiko la mradi huwa na sura nzima ya kuelimisha umma, na maoni ya wananchi hupata ukurasa mmoja karibu na viambatisho. Mpangilio huo uko kinyume.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Taa ya zamani tuliyoizoea Dar es Salaam, ile yenye mwanga wa rangi ya chungwa, ni ya sodiamu. Inayoichukulia nafasi yake ni ya LED, yenye mwanga mweupe, ambayo isingewezekana bila diodi ya bluu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ukiifungia LED kidhibiti chenye mawasiliano, kila nguzo inaweza kuamriwa kutoka ofisini: iwake saa ngapi, ipunguze mwanga saa ngapi, itoe taarifa ikiharibika. Ukiiongezea kitambuzi cha mwendo, itazidisha mwanga mtu akikaribia na kuupunguza akishapita. Hiyo ndiyo taa janja. Jiji la Los Angeles lilianza kubadilisha taa zake mwaka 2009, na katika miaka minne hivi likawa limebadilisha zaidi ya 140,000. Umeme uliotumiwa na taa hizo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Hesabu hiyo siibishii. Ninachouliza ni nini kilitokea chini ya nguzo.

Hoja ya kwanza: mkazi hupima mwanga kwa uso wa mtu

Mhandisi hupima mwanga unaofika juu ya lami. Ni sawa, maana vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya dereva, na dereva anahitaji kuona barabara. Anayetembea ana swali jingine: yule anayekuja mbele yangu ni nani, na mikononi ana nini? Anahitaji kuusoma uso kabla mwenye uso hajafika, akiwa bado na nafasi ya kuvuka upande wa pili.

Kwa swali hilo LED ina sifa ya kweli. Taa ya sodiamu huzipotosha rangi vibaya. Kwenye kipimo ambacho ukamilifu wake ni 100, yenyewe hupata ishirini na kitu, wakati LED ya kawaida ya barabarani hupata 70 au zaidi. Chini ya sodiamu shati jekundu na la kahawia ni shati moja, na ndiyo sababu ushahidi wa aliyeporwa usiku ulikuwa mgumu kuaminika kituoni. Kwa hiyo wakazi wengi huipokea LED kwa furaha katika wiki za mwanzo. Lakini chanzo chake cha mwanga ni kidogo na kikali. Kikifungwa kwa mwelekeo mbaya kinampiga mtu machoni badala ya kumwangazia njia. Dereva wa bodaboda anayetoka gizani anaingia kwenye weupe huo akiwa haoni kitu kwa sekunde moja au mbili, na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho hali ni mbaya zaidi. Kipimo cha lami, wakati huohuo, kinaonyesha kila kitu ni safi.

Kuna mfano ninaoupenda kutoka Davis, mji wa chuo kikuu huko California. Mwaka 2014 manispaa yake ilifunga taa za LED nyeupe sana, za kiwango cha kelvini 4,000. (Kwa wasio wahandisi: namba hii inapanda jinsi mwanga unavyozidi kuwa mweupe na wa baridi, ikishuka, mwanga unakuwa wa manjano kama wa chemli.) Wakazi wakalalamika kwamba mwanga ni mkali, unaingia vyumbani, unaumiza macho. Manispaa iliwasikiliza, ikabadilisha mamia ya taa ambazo bado zilikuwa mpya na kuweka za kelvini 2,700, kwa gharama ya dola 350,000 hivi. Miaka miwili baadaye, 2016, Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za nje zisizidi kelvini 3,000, kwa sababu za usingizi na za macho. Chicago, iliyopanga kubadilisha taa 270,000 kuanzia mwaka 2017, ilichagua 3,000. Watu wa Davis hawakuwa na kifaa cha kupimia wala shahada ya umeme, ila walikuwa na madirisha.

Na madirisha yetu sisi je? Mengi yana nondo, wavu wa mbu na pazia jepesi, kwa sababu tunahitaji upepo. Mtu wa Davis anaweza kufunga kioo na pazia zito. Wa Mbagala akifanya hivyo mwezi wa pili hatalala kwa joto. Kwa maoni yangu hatuna haja ya kurudia jaribio la kelvini 4,000 kwenye mitaa ya makazi. Limeshafanyika, na wameshalilipia wenzetu. Wenye fukwe wanazotagia kasa, kama Mafia au Watamu, wana sababu ya ziada: vifaranga wa kasa wakitoka kwenye mayai hufuata upande wenye mwanga, na wanatakiwa wauone upande huo baharini.

Hoja ya pili: kufifiza hakuonekani, kuzima kunasomwa

Mwaka 2015 watafiti wa Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London walitoa matokeo ya kazi kubwa juu ya halmashauri 62 za Uingereza na Wales ambazo, ili kubana matumizi, zilikuwa zimezima taa kabisa, zimezizima sehemu ya usiku, zimezififiza au zimeweka za mwanga mweupe. Hawakupata ushahidi kwamba hatua hizo ziliongeza ajali za barabarani au uhalifu. Nimeona matokeo hayo yakinukuliwa katika maandiko ya miradi ya huku kwetu, na kwa kawaida nukuu huishia hapo.

Wenzao waliozungumza na wakazi walipata sehemu ya pili ya habari. Pale taa zilipofifizwa, au kubadilishwa tu, wakazi wengi hawakugundua. Pale zilipozimwa baadhi yao waliguswa sana, na walichosema hakikuhusu ajali tu. Walisema wanarudishwa nyuma, kwamba kodi wanalipa na giza wanapewa, kwamba halmashauri imewasahau. Hao ni watu ambao mgao wa umeme hawaujui.

Sisi tunaujua. Mkazi wa mji wetu akiona nguzo imezima anazo tafsiri kadhaa tayari: umeme umekatika, taa imeungua na hakuna wa kuibadilisha, nyaya zimeibwa, au bili haijalipwa. Tafsiri ya tano, kwamba kuna programu imeamua kuwa kwa saa hii mwanga hauhitajiki, haimjii hata kidogo, na simlaumu. Kuanzia mwaka 2021 miji kadhaa ya Amerika ya Kaskazini, ikiwemo Milwaukee na Vancouver, ilishuhudia taa zake za LED zikigeuka rangi ya zambarau. Sababu ilikuwa ya kiwandani tu: tabaka la manjano linaloifunika diodi ya bluu lilikuwa linabanduka. Wakazi wakaanza kubuni sababu zao, wengine wakidhani ni sherehe au heshima kwa timu ya mpira. Mahali pasipo na maelezo, watu hujitengenezea yao, na kwetu hayawi ya timu ya mpira. Yanakuwa ya diwani. [Kicheko ukumbini.]

Hoja ya tatu: aliyekaa hatambuliwi

Hoja hii sijaiona ikijadiliwa inavyostahili, na naamini ni ya hapa kwetu hasa. Kitambuzi cha mwendo hutambua mwendo. Kilibuniwa kwa mtaa ambao baada ya saa tatu usiku hauna mtu isipokuwa mpita njia mmoja na mbwa wake.

Sasa twendeni kwenye kona yoyote yenye kituo cha daladala. Yuko mama anayekaanga mihogo na samaki, yuko muuza matunda mwenye meza, yuko fundi viatu, wapo vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki wakingoja abiria. Wote hawa wamekaa, au wanasogeza mikono tu. Kwa kitambuzi kilichopangwa vibaya, au kinachoitazama barabara badala ya pembeni yake, hawa hawapo. Mwanga utapanda gari likipita, kisha utashuka juu ya mtu anayehesabu chenji. Mama huyo atarudi kwenye taa yake ya kuchaji, na tutakuwa tumetumia fedha za umma kumwangazia mwenye taa mbili za mbele.

Zaidi ya hapo, hao waliokaa ndio ulinzi wa kona. Binti anayeshuka kwenye basi la mwisho haangalii nguzo, anaangalia kama mama wa mihogo bado yupo. Tukimwondoa kwa giza tumemwondoa shahidi. Mapema mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa kuwa soko la saa 24, na taa zilikuwa sehemu ya maandalizi. Hakuna aliyependekeza taa za pale zififie saa sita usiku. Nashauri tuwafikirie kwa jicho hilohilo wauzaji wadogo wa Buguruni na Manzese, ambao walikuwa wakifanya biashara ya usiku kabla ya uzinduzi wowote.

Hoja ya nne: akiba ipo wapi, na ni ya nani

Naomba tupige hesabu pamoja, ni fupi. Taa ya sodiamu ya wati 250, pamoja na choki yake, inakula kama wati 280. Usiku wetu, tukiwa karibu na ikweta, ni kama saa 12 mwaka mzima. Hiyo ni uniti 3.36 kwa usiku. LED ya wati 120 inayoweza kushika nafasi yake inakula uniti 1.44. Umeokoa uniti 1.92 kwa kubadilisha taa tu. Sasa ongeza ujanja: fifiza kwa nusu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Umeokoa uniti 0.3 nyingine.

Ziweke hizo namba mbili pamoja, 1.92 na 0.3. Akiba inayotokana na kufifiza ni chini ya sehemu moja ya saba ya akiba yote, nayo ndiyo inayomfikia mtu aliyekaa kwenye kona. Kwa taa 1,000 kufifiza kunaokoa zaidi kidogo ya uniti 109,000 kwa mwaka, na si kidogo, siidharau. Ninachosema ni kwamba tuanze pale ambapo hakuna mtembea kwa miguu, kama barabara za mizunguko na za maeneo ya viwanda. Mitaa ya watu ingoje mpaka watu wameulizwa.

Kuhusu akiba ni ya nani, jibu ni fupi. Bili ya taa za barabarani hailipwi na Luku ya mkazi. Mkazi anaona mwanga umebadilika, na uniti zilizookolewa haoni zimekwenda wapi. Halmashauri ikitaka aipende akiba, imwonyeshe: uchochoro huu umepata taa kutokana na akiba ya barabara ile. Sijui njia nyingine ya kumshawishi mtu mzima.

Taa za sola zina hesabu yake. Hazina bili, na ndiyo sababu wafadhili wanazipenda, lakini zina betri, na betri inazeeka, inaibwa, na paneli inashika vumbi la barabara isiyo na lami. Hata LED ya waya haidumu milele: mtengenezaji akiandika saa 50,000, ambazo kwa usiku wetu ni miaka 11 na kidogo, mara nyingi anamaanisha muda ambao mwanga utakuwa umeshuka hadi asilimia 70. Na mfumo janja nao huugua. Kuna shule ya sekondari Massachusetts ambayo taa zake zipatazo 7,000 zilishindikana kuzimika tangu Agosti 2021 hadi mapema 2023, kwa kuwa programu iliyoziendesha iliharibika na ilichukua muda wote huo kupata vifaa na mtu wa kuitengeneza. Kama Massachusetts walingoja mwaka na zaidi, wataalamu wetu wa manunuzi waliopo hapa wakadirie wenyewe.

Hoja ya tano: mwanga, uhalifu na uchochoro

Je, taa zinapunguza uhalifu? Mwaka 2016 mji wa New York ulifanya jaribio la bahati nasibu: baadhi ya maeneo ya nyumba za umma yakapewa minara ya taa zenye nguvu, mengine yakaachwa yalivyo. Makosa makubwa yanayofanyika nje nyakati za usiku yalipungua kwa takribani asilimia 36. Jaribio hilo halipingani na utafiti wa Uingereza na Wales. Kuongeza mwanga mkali pale penye uhalifu mwingi ni jambo moja. Kupunguza kidogo pale penye utulivu ni jingine.

Kwetu swali kubwa ni mwanga unafika wapi. Nairobi wanayo milingoti mirefu ya mitaa ya mabanda, inayojulikana kama mulika mwizi. Khayelitsha, Cape Town, wanayo pia, na huko milingoti ya namna hiyo ni urithi wa enzi za ubaguzi wa rangi, watawala walipotaka kuwatazama wakazi kutoka mbali. Mlingoti unaangaza mapaa na uwanja wa wazi. Kati ya kuta mbili za mabati zilizoachana kwa hatua moja, kivuli kinabaki, na ndiyo njia ya kwenda chooni na bombani. Watafiti wa ETH Zürich walishirikiana na wakazi wa sehemu moja ya Khayelitsha kufunga taa ndogo za sola kwenye kuta za nyumba, usawa wa watu. Ukiniuliza ni teknolojia ipi janja zaidi kwa Tandale, nitachagua hizo za ukutani kabla ya mlingoti, na kabla ya kitambuzi chochote.

Hoja ya sita: taa inayotazama

Nguzo ya taa ina umeme, ina urefu na ina mawasiliano. Ni mahali pazuri pa kamera, na kila muuzaji anajua hivyo. San Diego iliidhinisha mwishoni mwa 2016 mradi wa dola milioni 30 wa kubana umeme na kuhesabu magari. Vifaa zaidi ya 3,000 vyenye kamera vikafungwa. Mwaka 2018 polisi wakaanza kutumia picha zake. Wakazi wengi walikuja kujua mwaka uliofuata. Septemba 2020 meya akaamuru kamera zizimwe. Hasira ya watu haikuwa juu ya kamera peke yake, maana wengi hawakatai kamera sokoni au benki. Walikasirika kwa sababu waliambiwa taa.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha kukosa sheria. Kama taa ina kamera, mkazi aambiwe ina kamera, nani anaangalia, na picha inakaa siku ngapi. Akishajua, huenda akaitaka. Kariakoo wengi wanaitaka.

Kuelekea mbele

Miaka michache ijayo taa nyingi za sodiamu zilizobaki katika miji yetu zitaondolewa, na mikataba itakayosainiwa sasa itatuongoza kwa miaka kumi na zaidi. Ningependa kila mkataba uanze na mtaa mmoja wa majaribio, ambapo mwanga unaweza kupandishwa na kushushwa na wakazi wenyewe waseme ni kiwango gani kinawatosha, kabla ya kontena kuagizwa. Kila nguzo iandikwe namba kubwa, pamoja na simu moja ya kupiga, kwa sababu mwananchi hawezi kujua kama nguzo hii ni ya wakala wa barabara wa TANROADS au wa TARURA, na wala si kazi yake kujua. Na tusiogope kumpa mkazi swichi. Ujerumani kuna kijiji kiitwacho Dörentrup ambako, baada ya taa kuanza kuzimwa usiku, mtu aliweza kupiga simu na mtaa wake ukawaka kwa dakika chache. Nchi inayonunua umeme kwa kubonyeza namba za simu haiwezi kusema hilo ni gumu.

Wanafunzi mliopo, hapa pana kazi ya utafiti ya kuwatosha nyote. Nendeni mtaani usiku, kwa makundi na kwa kibali cha serikali ya mtaa, mkapime umbali ambao mtu anaweza kuutambua uso wa jirani yake. Kwa mitaa yetu kipimo hicho kinahitajika sana.

Na ninyi wenyeviti wa mitaa, ombi langu la mwisho ni kwenu. Mtakapoletewa hati ya makabidhiano ya mradi wa taa, msiisaini mchana. Mwambieni mkandarasi aje saa mbili usiku, atembee nanyi mtaa mzima kwa miguu pamoja na mzee mmoja, mama lishe mmoja na dereva wa bodaboda mmoja. Hao wakiridhika, sainini.